Kutoka oreteti hadi Mnazi Mmoja

Mnisamehe kwa ukimya. Wiki mbili hizi nilizama kwenye majaribio, na bumu nalo likachelewa, basi ikawa tafrani juu ya tafrani. Jumamosi kichwa kikagoma kabisa. Nikafunga daftari pale kimbweta, nikadandia daladala hadi Kariakoo, nikatembea mpaka Mnazi Mmoja. Nikakaa chini ya mti saa nzima bila kufanya lolote. Nilipoinuka nilikuwa mtu mwingine.

Sisi tuliokulia Oloipiri, kule Loliondo, kivuli kwetu si anasa. Chini ya mti ndipo wazee wanaamua mashauri. Oreteti, ule mtini mkubwa, haukatwi ovyo. Ni mahali pa kuombea mvua na baraka. Ndiyo maana mwaka wa kwanza hapa Dar nilijihisi kama nimefungiwa stoo.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Uwanja ule haukutengwa ili mimi na wewe tupumzike. Mwaka 1891 Wajerumani walianza kuigawa Dar kwa aina ya majengo. Waingereza wakaendeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza: Uzunguni upande wake, Uhindini upande wake, na Waafrika Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa vita. Kati ya Kariakoo na Uhindini ukaachwa ukanda wa wazi, Mnazi Mmoja. Wakasema ni kwa ajili ya afya, magonjwa yasivuke. Kwa lugha nyepesi, nyasi zilikuwa ukuta.

Lakini watu wakaugeuza ukuta ukawa baraza. TANU ikafanyia mikutano pale, Waislamu wakaswalia Idi, watoto wakacheza mpira. Leo pana mnara wa Mwenge, na Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, imeadhimishwa pale mara nyingi.

Majirani zetu nao wana yao. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaandika barua kila ofisi, akatukanwa hadi bungeni, ila ghorofa halikujengwa. Na si siasa tu: mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji wa nyongo huko Marekani walioona miti dirishani walitoka hospitali mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kumbe Jumamosi yangu ilikuwa tiba!

Ila kuna jambo linanikereketa. Nyumbani, mwaka 2022, kilomita za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa alama za mipaka, zikawa Pori la Akiba Pololeti, na mifugo ikazuiwa. Kijani kikapata ulinzi, lakini waliokuwa wakichunga pale wakawa wageni. Hapo ndipo nikaielewa vizuri Mnazi Mmoja. Sehemu ya wazi haiwi njema kwa sababu ya nyasi peke yake. Swali ni nani amechora mstari, na nani anaruhusiwa kukaa kivulini.

Haya, wewe kivuli chako kiko wapi? Mimi narudi kimbweta, Jumatatu kuna jaribio jingine. Alamsiki.