Mgeni apewe jembe: Funzo la programu huria kwa wanaisimu

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huichukulia methali hii kama kejeli kwa mgeni asiyejua kuaga. Lakini jembe ni heshima pia: anayepewa amekwisha kukubaliwa kuwa mmoja wa wenye shamba. Historia ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, inaithibitisha maana hii ya pili.

Mnamo Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, aliwatangazia wenzake mtandaoni kuwa anaunda mfumo wa kuendeshea tarakilishi. Toleo la kwanza la Linux, lililotoka Septemba mwaka huo, lilikuwa na mistari takriban 10,000 ya msimbo na mapengo chungu nzima. Torvalds hakulificha hadi likamilike. Alilianika hivyo hivyo.

Miongoni mwa waliojitokeza ni Alan Cox, aliyekuwa Swansea, Wales. Hakuja na makubwa. Alipoitumia Linux kwenye mtandao wa tarakilishi chuoni, aliona sehemu inayoshughulikia mawasiliano ikikwamakwama. Basi akaanza kutia viraka, dosari moja baada ya nyingine, na marekebisho yake akawatumia wenzake. Baadaye sehemu hiyo ikawekwa mikononi mwake, naye akawa miongoni mwa wasaidizi wakuu wa Torvalds. Toleo la 1.0 lilipotoka Machi 1994, mistari ilikuwa imezidi 170,000. Leo, simu za Android zilizojaa mifukoni mwetu zina Linux kama kiini.

Hayo yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Lugha yetu nayo iliupitia mlango huo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi. Kilichohitajika ni watu wa kuketi na kuamua neno baada ya neno.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wanaisimu wenzangu. Miaka nenda miaka rudi tumebishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Makala tumeandika, makongamano tumehudhuria. Ilhali istilahi hukomaa pale mtu anapoibonyeza kwenye skrini kila siku, na skrini haimngoji profesa. Tusipoitafsiri sisi, ataitafsiri mwingine, pengine asiyejua kuwa faili huhifadhiwa, bali anayezama ndiye huokolewa. Kisha tutabaki kulalamika ati Kiswahili kimeharibiwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kujua kuandika msimbo ili aanze. Hebu atafute programu huria anayoitumia, asome tafsiri yake, apendekeze neno moja bora, aeleze sababu, na akubali kukosolewa. Vyuo navyo viihesabu kazi hiyo kuwa usomi, kama vinavyohesabu makala. La sivyo, vijana wetu watakuwa wageni wa kudumu katika programu wanazozitumia kutwa kucha, na jembe lipo.