Maoni yanayomfaa mtunzi chipukizi

Mnamo Juni 1962, katika mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, Kampala, mwanafunzi wa chuo hicho, Ngugi wa Thiong'o, alimkabidhi Chinua Achebe mswada wa riwaya yake. Achebe aliusoma, akatoa maoni, kisha akauonyesha kwa wachapishaji wa Heinemann. Riwaya hiyo, Weep Not, Child, ilichapishwa mwaka wa 1964.

Si kila mtunzi chipukizi humpata msomaji wa aina hiyo. Wengi husomwa na marafiki, na aghalabu jibu huwa maneno mawili: "Hadithi tamu!" Sifa kama hizo hazimdhuru mtunzi, ila hazimfundishi lolote. Kejeli nayo humkatisha tamaa kabla hajakomaa.

Maoni ya manufaa hueleza yaliyompata msomaji alipokuwa akisoma: wapi alivutiwa, wapi alipotea, wapi aliacha kumsadiki mhusika. Kauli kwamba "msuko ni dhaifu" haimwelekezi mtunzi popote. Lakini akielezwa kwamba mama aliyekuwa mkali katika ukurasa wa pili anamsamehe mwizi katika ukurasa wa tano pasipo sababu, atajua pa kuanzia. Dawa aitafute mwenyewe. Msomaji anayeziandika upya sentensi za mwenzake (na wapo wengi) huishia kutunga hadithi yake binafsi.

Makosa ya tahajia yanaweza kusubiri, kwani huenda aya nzima ikafutwa. Isitoshe, ni vyema mtunzi aulizwe mapema ni wapi amekwama. Kama ni mwisho wa hadithi unaomsumbua, maoni yaanzie hapo.