Shayiri: Jinsi maabara inavyofupisha safari ya mbegu mpya

Mkulima wa Ujerumani anayeona shayiri yake ikigeuka manjano baada ya majira ya baridi hana dawa ya kupulizia. Virusi vya mozeki ya manjano, vilivyobainika nchini humo mwaka 1978, huenezwa na kiumbe mdogo wa udongoni aitwaye Polymyxa graminis, ambaye hudumu ardhini kwa miaka mingi. Kinga ya uhakika ni mbegu yenye ukinzani.

Kwa njia ya kawaida, mbegu hiyo hucheleweshwa na vizazi. Uzao wa aina mbili zilizochavushwa hutofautiana, na huhitaji vizazi kadhaa kabla ya sifa zake kutulia.

Ukuzaji wa tishu hufupisha muda huo. Shayiri ina kromosomu 14, yaani saba kutoka kwa kila mzazi. Mwaka 1970, watafiti Kasha na Kao wa Kanada walieleza kwamba shayiri ikichavushwa na jamaa yake wa porini, Hordeum bulbosum, kromosomu za jamaa huyo hutoweka katika kiinitete, zikabaki saba za shayiri. Kiinitete hicho huokolewa kwa kukuzwa katika chupa yenye virutubisho. Baadaye ikaenea mbinu ya kukuza chavua changa. Mche wenye kromosomu saba hutiwa kemikali ya kolikisini ili zijirudufu kuwa 14. Hapo sifa zote hutulia katika kizazi kimoja.

Swali linalobaki ni mche upi umerithi ukinzani. Hapo ndipo alama za vinasaba hutumika. Kipande cha jani hutosha kuonyesha kama mche una rym4 au rym5, ambazo mwaka 2005 zilithibitika kuwa sura mbili za jeni moja iliyo katika kromosomu ya tatu. Hakuna haja ya kusubiri ugonjwa uonekane shambani.

Hata hivyo, virusi navyo hubadilika. Aina mpya iliyoishinda rym4 ilijitokeza Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu hukusanya jeni kadhaa za ukinzani katika mmea mmoja. Kazi hiyo ni ngumu kwa macho pekee, kwani mmea wenye jeni moja ya ukinzani na ule wenye mbili huweza kuwa na afya sawa shambani. Alama za vinasaba ndizo huitofautisha.