Simu ya Makupa na Simu ya Ubongo

Atokaye kisiwani Mvita kwa njia ya Makupa akawasili Kibarani, aghalabu hatambui ya kuwa amevuka mlango wa kale wa mji, ambapo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, Wazimba wakaingilia hapo mwaka 1589, na Wareno wakapalinda kwa vijingome. Reli ya Uganda, iliyoanzwa mwaka 1896, nayo ilivukia Makupa, na simu ikaandamana nayo nguzo kwa nguzo. (Neno simu, kwa asili yake ya Kiajemi, ni uzi wa madini tu, sisi ndio tuliolikuza hata likawa mazungumzo.) Garimoshi lilichukua watu na shehena, simu haikuchukua ila habari.

Nayakumbuka hayo kwa ajili ya wagema wetu. Mgema akianguka mnazini, shingo ikavunjika, huenda ubongo u salama na mikono i salama, lakini ugwe wa uti wa mgongo, ulio kivuko baina yao, umekatika: amri hutoka kila siku, wala haifiki. Kwa mtu kama huyo, na kwa waliopoozeshwa na kiharusi au na maradhi yauayo neva za mwendo, wataalamu wamebuni chombo cha kupandikizwa ubongoni. Matthew Nagle wa Marekani, aliyechomwa kisu shingoni, alipandikizwa mwaka 2004 kidude cha upana wa milimita 4, chenye sindano 96, katika sehemu ya ubongo iamrishayo mwendo. Kila alipokusudia kusogeza mkono, sindano zilidaka mapigo ya umeme ya ubongo, waya ukayafikisha kwenye kompyuta, nayo, ikiisha kufunzwa pigo lipi ni la kusudio lipi, ikasogeza mshale kiooni. Akafungua barua pepe pasi na kuinua kidole. Mwaka 2024 kampuni ya Neuralink ilimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza elektrodi 1,024, bila waya kutokeza kichwani.

Lakini hiyo ni simu, si reli. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya mwanamke aliyepooza takriban miaka 15, ambaye kwa fikira zake aliuamuru mkono wa mashine umletee kahawa mdomoni, akainywa kwa mrija, akatabasamu, na mnywaji wa kahawa wa Mji wa Kale ataelewa kwa nini. Mkono wake mwenyewe haukusogea.