Umri Usiosogea: Penzi la Vijana katika Vichekesho vya Familia

Utangulizi

Karurumo ni kituo cha biashara katika eneo la Runyenjes, Embu. Lugha ya nyumbani huko ni Kiembu. Kiswahili humfikia kijana kwa njia ya shule, soko, redio na runinga. Kwa hiyo, penzi la vijana linapoigizwa kwa Kiswahili mbele ya mzazi na mwanawe walioketi sebule moja, huwa linasemwa kwa lugha ambayo si ya mmoja wao hasa, na huenda ndiyo sababu linavumilika. Hata hivyo, swali linabaki: mchezo huo unamwambia nini kijana kuhusu kosa lake? Makala haya yanadai kwamba jibu haliko katika maudhui pekee. Limo pia katika namna fani inavyoushughulikia wakati.

Mtoto asiyekua

Katuni ya familia ya runinga ilianza kupata umbo lake nchini Marekani mnamo 1960, ulipotokea mfululizo wa The Flintstones. Mrithi wake mashuhuri, The Simpsons, ulianza kuonyeshwa kama mfululizo kamili mwezi wa Desemba 1989. Mojawapo ya maonyesho yake, "New Kid on the Block" (1992), lililoandikwa na Conan O'Brien, linafaa kuchunguzwa hapa. Bart, mvulana wa miaka kumi, anampenda Laura, msichana barobaro aliyehamia jirani. Laura, kwa upande wake, anampenda Jimbo, kijana mkorofi. Bart anatumia hila ya simu kumleta mwenye baa aliyejaa ghadhabu, kisu mkononi. Jimbo anaangua kilio, na Laura anamwacha. Mwishoni Laura anamwambia Bart kwamba angekuwa na umri wa kutosha, angekuwa mpenzi wake.

Faraja hiyo ni nzuri, lakini fani yenyewe inaibatilisha. Bart alikuwa na miaka kumi 1989, na miongo mitatu baadaye alikuwa bado na miaka kumi. Mhusika wa kuchorwa hazeeki, na kichekesho cha kila juma hudai kwamba nyumba irudi ilivyokuwa. Sharti la Laura, basi, ni sharti lisiloweza kutimizwa. Penzi hapa halina adhabu wala halina matunda. Linafutwa ili juma lijalo lianze upya.

Vichekesho vya Kiswahili vina tabia iyo hiyo. Katika Vitimbi vya KBC, Mzee Ojwang na Mama Kayai waligombana na kupatana bila ya jambo la leo kuielemea kesho. Tofauti ni kwamba Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang hadi uzeeni na kufariki 2015, alikuwa mtu wa damu na nyama. Mhusika alisimama pale pale, lakini uso wa mwigizaji ulisogea mbele ya macho ya hadhira.

Mlango wa umri

Kwa msikilizaji wa Embu, maneno ya Laura yana uzito wa pekee. Miongoni mwa Waembu, kama miongoni mwa majirani zao Wameru na Wakikuyu, ukubwa haukuhesabiwa kwa miaka tu. Jando ndilo lililomtoa mvulana utotoni na kumpa rika, haki na wajibu. "Ukiwa mkubwa" ilikuwa ahadi yenye mlango unaojulikana. Shule iliufanya mlango huo usiwe wa pekee: kijana aliyekwisha kutahiriwa alirudi darasani kama mwanafunzi, yaani mtu ambaye penzi lake ni utovu wa nidhamu. Utata huu wa umri ndio ambao tamthilia ya nyumbani ingepaswa kuusawiri, na ndio ambao kichekesho huukwepa.

Kosa lisilosameheka

Riwaya ya Kiswahili haikuukwepa, lakini iliingia upande wa pili. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, barua ya mvulana inamfanya Zakaria ampige bintiye. Msichana aliyelelewa kwa woga anafika chuoni bila kujua namna ya kujilinda. Anaharibikiwa, mchumba anamkataa, naye anajiua. Wakati hapa unasogea, lakini kuelekea kaburini tu. Ni kweli kwamba Kezilahabi anamlaumu baba, na kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda. Hata hivyo, msomaji kijana anabaki na hesabu moja: kosa ni kifo.

Njia ya tatu

Michezo ya mfululizo iliyoandikwa kwa kufuata mbinu za Miguel Sabido wa Meksiko ilileta wakati wa aina nyingine. Nchini Kenya, kuanzia 1987, Sauti ya Kenya ilirusha Tushauriane katika runinga na Ushikwapo Shikamana katika redio, na nchini Tanzania Twende na Wakati ulianza 1993. Mbali na wahusika wema na waovu, Sabido alidai awepo mhusika anayesitasita, akosee, ajifunze na aendelee kuishi. Katika Twende na Wakati, Mkwaju, dereva wa lori, anaangamia kwa Ukimwi, ilhali mkewe Tunu anajikwamua hatua kwa hatua.

Wahakiki wanaweza kusema, na kwa haki, kwamba sanaa hii huelemewa na mahubiri, kwani mfadhili husikika nyuma ya sauti ya mhusika. Lakini kasoro ya mahubiri isifanywe kasoro ya muundo. Muundo huo unampa mhusika kesho.

Hitimisho

Kichekesho humwambia kijana kwamba penzi lake halikutokea; riwaya ya maangamizi humwambia kwamba halitasahaulika kamwe. Mfululizo wa Shuga, uliotengenezwa Nairobi mnamo 2009 kuhusu mapenzi ya vijana na virusi vya Ukimwi, uliwapa vijana muda wa kukosea, lakini ulizungumza zaidi Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili anayemfikiria msichana wa Karurumo ana kazi mbele yake: kuandika mchezo ambamo msichana huyo atapenda, atakosea, atachekwa kidogo, kisha ataamka kesho yake akiwa amekua kwa siku moja.