Bahari ina masikio

Wadau, redio na rada tunazozitegemea nchi kavu hazifui dafu chini ya bahari, kwani maji huyameza mawimbi yake. Kule kinachosafiri mbali ni sauti. Leo naomba tuikumbuke nyambizi ya Argentina, ARA San Juan.

Novemba 15, 2017 ilikuwa safarini kurudi Mar del Plata ikiwa na watu 44, mawasiliano yakakatika. Meli na ndege za nchi kadhaa zikasaka bila mafanikio.

Kumbe kuna waliousikia mwisho wake. Kutokana na mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, zimetegwa baharini haidrofoni, yaani maikrofoni za majini, ili bomu likilipuliwa kwa siri lisikike. Kituo cha kisiwa cha Ascension, kilomita kama 6,000 kutoka hapo, na cha visiwa vya Crozet, kama 8,000, vilinasa mlio usio wa kawaida saa chache baada ya ukimya ule.

Walijuaje ulikotoka? Majini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde. Haidrofoni hutegwa tatu tatu, zikiachana kama kilomita mbili, hivyo mlio hauzifikii kwa pamoja. Tofauti hiyo ndogo ya muda ndiyo inayoonyesha upande. Chora mstari kutoka Ascension, chora mwingine kutoka Crozet. Zinapokatana ndipo penyewe. Desemba 1, Argentina ikalipua bomu dogo majini ili kuzipima hesabu hizo, na vituo vyote viwili vikalisikia.

Siku moja kabla, jeshi la majini lilikuwa limetangaza mwisho wa juhudi za uokoaji. Familia hazikunyamaza. Hatimaye kampuni ya Ocean Infinity ikakodiwa, na Novemba 2018 ikaikuta nyambizi kwenye kina cha mita 907, jirani na palepale mistari ilipokatana. Hakuna aliyepona.

Mimi ni mwandishi wa habari, nimezoea kumalizia taarifa kwa maneno "hawajulikani walipo". Kwa ndugu wa marehemu, maneno hayo ni kidonda kisichofunga. Masikio yaliyotegwa kwa hofu ya bomu hayakuokoa mtu, lakini yaliwapa wafiwa mahali pa kuelekeza dua zao.

Cha kusikitisha, mkataba huo haujaanza kutumika kisheria hadi leo, kwa sababu baadhi ya wakubwa hawajauridhia. Wakiutupa, nani atabaki anasikiliza? Naomba kuwasilisha.