Kutoka Liwali hadi Mkuu wa Mkoa: Ofisi ya Mtawala wa Jimbo na Hatima ya Kadhi

 

Ndugu msomaji, katika kata ya Mlali, wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma (si ile Mlali ya Mvomero, Morogoro), anapofariki Muislamu akaacha shamba, ng'ombe na warithi wasioelewana, jambo la kwanza linaloulizwa ni hili: tumwendee nani? Wapo wanaosema mtendaji wa kata. Wapo wanaosema twende wilayani kwa Mkuu wa Wilaya, na akishindwa tupande Dodoma kwa Mkuu wa Mkoa, kwa kuwa yeye ndiye “serikali”. Maimamu wengi wa vijijini wanalijua swali hili kwa sababu huishia barazani kwao. Jibu lake haliwezi kueleweka bila kuifahamu ofisi yenyewe ya mtawala wa jimbo: imetoka wapi, imebeba majukumu gani, na ni lini jukumu la hukumu lilitoka mikononi mwake.

Wali katika fiqhi

Neno letu “liwali” ni la Kiarabu, al-wali, yaani aliyekabidhiwa jambo la watu. Msingi wake katika sheria ni uwakilishi. Wali hamiliki jimbo. Anatekeleza kwa niaba ya aliyemteua, na aliyemteua anabaki na dhima. Ndiyo maana wanachuoni wanapoifasiri aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayoamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe na watu wahukumiwe kwa uadilifu, huuingiza uongozi ndani ya maana ya amana. Na Abu Dharr (r.a.), pamoja na utukufu wake, alipoomba kupewa uongozi Mtume (s.a.w.) hakumpa, akamweleza kuwa yeye ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana.

Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika kitabu chake al-Ahkam al-Sultaniyya aliugawa utawala wa majimbo mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni imara ya jumla. Mwenye imara hii husimamia jeshi, huteua makadhi, hukusanya kharaj na zaka, huilinda dini, husimamisha hudud, huongoza Swala ya Ijumaa na za jamaa au kumweka wa kuongoza, na huwarahisishia mahujaji safari yao. Jimbo likipakana na adui, linaongezeka la nane, nalo ni jihadi ya mpaka huo. Fungu la pili ni imara maalumu: amiri wa namna hii anasimamia jeshi, anawaongoza raia na kulinda usalama, lakini haingilii hukumu za kadhi wala ukusanyaji wa kharaj na zaka.

Nawaomba wanafunzi wasiipite haraka tofauti hii. Wengi tunasoma historia ya Uislamu tukidhani kwamba gavana alikuwa kila kitu: jemadari, hakimu, mhasibu na khatibu. Alikuwepo wa namna hiyo. Lakini fiqhi inatambua wazi kwamba majukumu haya yanaweza kutenganishwa, na kuyatenganisha si uzushi wa Wazungu.

Mfano wake ni Kufa, wakati wa Umar bin al-Khattab (r.a.). Alimpeleka Ammar bin Yasir kuwa msimamizi wa Swala na jeshi, Abdullah bin Mas'ud kuwa mwenye hukumu na Baitul-mal, na Uthman bin Hunayf kupima ardhi. Posho yao ya kila siku, kama anavyosimulia Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj, ilikuwa kondoo mmoja: nusu yake na matumbo kwa Ammar, robo kwa Ibn Mas'ud na robo kwa Ibn Hunayf. Basi watu watatu walibeba kazi tatu katika mji mmoja, na mshahara wao ulijulikana na kila mtu. Umar huyo huyo alikuwa akiandika mali ya magavana wake wanapoteuliwa ili aone imeongezeka kiasi gani wanapoondoka, na alipopata habari kwamba Saad bin Abi Waqqas ameweka mlango unaowazuia watu wasimfikie, alimtuma Muhammad bin Maslama akauchome moto mlango ule.

Kufa hiyo hiyo ilipata kadhi aitwaye Shurayh. Aliteuliwa zama za Umar na akadumu katika kazi hiyo kwa miongo mingi, huku magavana wakija na kuondoka, wengine kwa kuuzuliwa na wengine kwa fitna. Gavana aliondoka, kadhi akabaki. Tulihifadhi jambo hilo, maana nchini mwetu mambo yalikwenda kinyume chake.

Liwali afika bara

Sultani wa Zanzibar aliweka maliwali katika miji ya pwani. Bara, liwali wake mashuhuri alikuwa Tabora. Mmoja wa waliokalia cheo hicho ni Said bin Salim al-Lamki, yule aliyewaongoza Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857. Stanley alimkuta Tabora mwaka 1871 akiwa ndiye liwali, wakati vita na Mtemi Mirambo vimepamba moto. Ukitazama hali yake kwa mizani ya al-Mawardi utaona imara nyembamba sana. Aliwasimamia wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, lakini ardhi ilikuwa ya watemi wa Unyamwezi, na hakuweza hata kuwalazimisha wafanyabiashara wenzake wakubaliane. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1870 aliondolewa kwa mvutano na kundi la Abdallah bin Nasib, ambaye ndugu yake, Sheikh bin Nasib, naye alikuja kukalia cheo hicho.

Ugogo hapakuwa na utawala wa liwali. Misafara ilipita Mpwapwa, ikaingia nchi ya Wagogo, na kwa kila mtemi ikalipa hongo, yaani ushuru wa njia, maji na chakula. Ni neno lenye historia ya kuhuzunisha. Lilikuwa jina la ada iliyojulikana, leo ni jina la rushwa. Mwenye kukumbuka kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyerejea kwa Mtume (s.a.w.) akitenga mali ya Waislamu na mali aliyodai amezawadiwa yeye, naye Mtume akapanda mimbari kwa hasira kulikemea jambo hilo, ataelewa jinsi njia kati ya ada na rushwa ilivyo fupi.

Wajerumani walipoichukua nchi, vita vya Bushiri bin Salim vilifika hadi Mpwapwa mwaka 1889, na baada yake boma likajengwa pale. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Kisha wakachukua vyeo walivyovikuta pwani wakavifanya ngazi za utawala wao: liwali mjini, akida juu ya vijiji kadhaa, jumbe kijijini. Akida asili yake ni cheo cha mkuu wa askari. Kwa mikono ya Wajerumani akawa mkusanya kodi na mwamuzi wa kesi kwa pamoja, mara nyingi mgeni katika nchi anayoiongoza. Haishangazi kwamba katika Vita vya Majimaji (1905–1907) maakida walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa. Waislamu tusilifiche hili kwa kuwa wengi wa maakida hao walikuwa Waislamu wenzetu. Hawakuwa maamiri wa Uislamu. Walikuwa watumishi wa dola ya kikoloni waliovaa jina la Kiarabu.

Hata hivyo cheo hicho kiliwahi kukaliwa na watu wa elimu. Bagamoyo, baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, liwali alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, khalifa wa Qadiriyya, mtu aliyeletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa mtoto. Alifariki mwaka 1931, na khalifa zake waliipeleka tarika mbali katika bara.

Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron (1925–1931), waliacha mfumo wa maakida na kushika utawala kwa kupitia wenyeji. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa machifu madaraka. Dodoma ikawa makao ya Jimbo la Kati, na Ugogo wakatambuliwa watemi, ambaye jina lake limedumu zaidi ni Mtemi Mazengo wa Mvumi. Kwenye pwani na katika miji michache ya bara kama Tabora, liwali alibaki na mahakama yake, na Waislamu walipeleka huko ndoa, talaka na mirathi. Vijiji vya Ugogo vilikuwa chini ya baraza la mtemi, na kilichohukumu humo kilikuwa mila.

Mwaka 1963

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu kwa sheria ya mwaka 1963. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoziunganisha mahakama zote katika ngazi moja: ya Mwanzo, ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Kuondoa hukumu mikononi mwa mtawala kulikuwa jambo jema, na mwenye kuisoma Kufa ya Umar hatalilaumu. Tatizo ni kwamba kwa Waislamu wa Tanganyika hukumu ya dini ilikuwa imefungamanishwa na ofisi ya liwali. Kadhi hakuwa na nguzo yake mwenyewe katika sheria. Alipoondoka liwali, aliondoka na mahakama yake.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na ulipounganishwa na Kenya mwaka 1963 makubaliano yalihifadhi mahakama za kadhi kwa jina lake. Vyeo vya liwali na mudiri vilitoweka baada ya uhuru. Kadhi akabaki. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47, na magavana wa kwanza wakachaguliwa tarehe 4 Machi 2013, kadhi hakuwekwa chini ya gavana. Ibara ya 170 inamweka ndani ya Idara ya Mahakama ya taifa, akiamua hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Gavana wa Mombasa au Garissa ana naibu, katibu wa kaunti na kamati ya utendaji isiyozidi watu kumi. Anaweza kuondolewa na bunge la kaunti kwa theluthi mbili na kisha Seneti. Lakini mirathi ya mtu haimhusu. Zanzibar nayo ilibaki na makadhi wake, na sheria yao mpya ni ya mwaka 2017.

Sisi wa Tanzania Bara tumerithi mjadala usiokwisha. Bakwata, iliyoundwa mwaka 1968, ina makadhi wake, lakini hukumu zao hazina nguvu ya dola, na pendekezo lililofikishwa bungeni mwaka 2015 la kuzitambua liliondolewa.

Mkuu wa Mkoa ni nani

Ofisi ya Mkuu wa Mkoa ilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa na mkoa ukabeba karibu kila kitu. Sheria za 1982 ziliandaa kurudi kwa halmashauri, nazo zikarejea 1984. Kisha Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ikaupunguza mkoa, kazi yake kubwa ikawa kusimamia na kuziwezesha halmashauri. Rais humteua Mkuu wa Mkoa wa Tanzania Bara baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, kwa ibara ya 61 ya Katiba. Mtendaji wake ni Katibu Tawala wa Mkoa. Chini yake yupo Mkuu wa Wilaya, naye ni mteule wa Rais, kisha Afisa Tarafa. Pembeni ya safu hiyo ipo safu nyingine, ya halmashauri: madiwani waliochaguliwa, mkurugenzi, mtendaji wa kata na wa kijiji. (Neno “diwani” lenyewe lina undugu na ile diwani ya Umar, daftari la majina na posho.)

Kwa mizani ya al-Mawardi, huyu anafanana na mwenye imara maalumu. Ana usalama na usimamizi, hana hukumu. Mamlaka yake yaliyo karibu zaidi na hukumu ni kuamuru mtu akamatwe kwa muda usiozidi saa 48, kwa sababu zilizotajwa na sheria ya 1997, kama kuzuia uvunjifu wa amani. Muda huo ukiisha bila mtu kufikishwa mbele ya hakimu, anaachiwa. Sheria haikumpa saa hizo ili awashike warithi wanaobishania ng'ombe.

Kwa hiyo familia ya Mlali inayopanda basi kwenda kumwona Mkuu wa Mkoa juu ya mirathi inampelekea kazi isiyo yake, na mara nyingi wakati wanasubiri miadi mmoja wa ndugu anauza shamba. Penye mamlaka ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo kisheria inaweza kusimamia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu. Imamu awakalishe warithi mapema, aiandike orodha yao na ya mali na madeni, mafungu yapigwe na mwenye ilimu ya faraidhi, wote watie saini mbele ya mashahidi, kisha waiombe mahakama imteue msimamizi wa mirathi na kuikabidhi karatasi hiyo. Hakimu akiikuta familia imekubaliana na hesabu iko sahihi, anakuwa na jambo la kusimamia kwa sheria yetu. Asipoikuta, ubishi unaweza kuanzia kwenye swali la kama marehemu aliishi kwa Uislamu au kwa mila za kabila lake, na hapo wajane na mabinti ndio walio hatarini kupoteza.

Wallahu aalam.